Kamba "inabeba tani" lakini mtu wa kilo 65 kaikata: tuzungumze mshtuo

BintiMtambwe (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Uzi huu utakuwa mrefu, naomba mnivumilie, kwani jambo lenyewe limetuingia nyumbani.

Msimu huu mtoto wa ami yangu kaanguka mkarafuu kwetu Mtambwe. Alikuwa juu kiasi cha ghorofa tatu, kamba kajifunga kiunoni, ncha ya pili kaifunga kwenye panda usawa wa kiuno chake, na kaacha ulegevu wa mita mbili hivi ili afikie makonyo ya pembeni. Mkarafuu mnaujua. Mwembe hulia kabla ya kuvunjika, mkarafuu hukatika kama chaki. Tawi alilokanyaga likenda, yeye akashuka, kamba ikakaza, ikasema "ta!" na kukatika palepale kwenye fundo la juu. Matawi ya chini ndiyo yaliyompunguza kasi. Kavunjika paja na mkono, yuko hai, alhamdulillah.

Nyumbani palijaa watu na kila mtu na lake. Wengine wakamlaani muuza duka, kwamba kauza kamba feki kwa kusema inabeba tani moja. Ami mwenyewe kakaa kimya tu, kaushika ule mkia wa kamba ya bluu mkononi, anauzungusha.

Mimi kazi yangu ni maabara ya vifaa vya ujenzi huku Unguja. Navuta nondo, navunja kyubu za zege. Nikamuomba ami kipande kilichobaki, nikarudi nacho kwenye boti, na siku mashine ilipokuwa haina kazi nikakivuta.

Kwa wasioijua mashine hiyo: inavuta pole pole mno. Nondo ya milimita 12 ukiifunga humo, mwanzo huoni kitu. Sindano inapanda tu. Ikifika pale chuma kinapoanza kukubali, magamba meusi ya juu yanapukutika yenyewe mezani kama ngozi ya nyoka. Baadaye nondo inajibana kiuno mahali pamoja, ndipo mlio. Hapo umeshapita tani sita. Kazi nzima inachukua dakika kadhaa, na ukiigusa pale ilipokatika, ni ya moto.

Kamba ya ami ilivutika vivyo hivyo, taratibu. Kipande kisicho na fundo kilikatika kilo 940. Chenye fundo lilelile alilofunga kijana kilikatika kilo 560, na kilikatikia fundoni.

Kwa hiyo muuza duka hakusema uongo mkubwa. Tani kasoro kidogo ipo. Kijana ana kilo 65. Nauliza jamvini: kilo 65 zimeikataje kamba inayobeba kilo 560 hata ikiwa na fundo?

Jibu langu ninalo, lakini nataka kwanza nisikie wanaopanda, wanaovua na wanaosoma.

---

KondeYetu

Wa alaykumus salaam dada. Pole sana, mpe pole na ami. Mimi nina mikarafuu Konde, na kila msimu nalala nikiwaza haya. Kwetu wengi hawafungi kamba kabisa, wanasema inawazuia kuhama tawi. Wanaofunga wanafunga hiyohiyo ya bluu kwa sababu ni rahisi na haiozi. Lakini nimeona ikikaa juani msimu mzima inatoa vumbi jeupe ukiipitisha kiganjani. Huenda jua lilishaila?

---

BintiMtambwe

Ahsante ndugu yangu. Lile vumbi ni nyuzi za plastiki zilizokwishavunjwa na jua, na kamba yenye vumbi hilo msiipande nayo hata mita moja. Lakini hii ya kijana ilikuwa mpya, kainunua wiki hiyohiyo. Ndiyo maana nilitaka kuivuta mwenyewe.

---

NahodhaNungwi

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mimi si msomi. Lakini sisi watu wa bahari jambo hili tunalijua kwa mikono. Nanga ukiitia kwa kamba fupi isiyovutika, wimbi moja likiinua chombo kamba inakatika, na pengine upepo hauna hata nguvu. Ukiongeza urefu, kamba ileile inalala na chombo usiku kucha. Kamba ni ileile na chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni pa kunyooka.

Wazee walitumia kamba za makumbi ya nazi. Mama zetu walifukia makumbi ufukweni miezi na miezi, wakayafukua, wakayapiga, wakasokota. Kamba ya makumbi haina nguvu ukiilinganisha na hizi za dukani, lakini inarefuka, inakubali. Mitepe, vyombo vya kale vya tanga, ilishonwa kwa kamba hizo bila msumari hata mmoja. Waliowahi kuingia Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, kabla ya sehemu yake kuporomoka Disemba 2020 waliuona mtepe wa mfano umesimama pale kati. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika sababu ya vyombo vya bahari hii kushonwa: bahari ina miamba mingi, chombo cha misumari kikigonga mwamba kinavunjika, cha kushona kinakubali kidogo na hakiparaganyiki. Huyo mtu aliona kwa macho yake kile dada anachotuuliza.

---

BintiMtambwe

Mzee Nahodha, marahaba na shukrani. Umelisema lote, nililobaki nalo ni hesabu tu.

Anayening'inia kimya kwenye kamba, kamba inabeba kilo 65. Hiyo ndiyo hesabu ya dukani. Sasa mchukue mtu huyohuyo, kamba imenyooka haina ulegevu hata kidole, tawi likaondoka ghafla chini ya miguu. Hajaanguka popote, lakini kwa kitambo kidogo kamba inaona mara mbili ya uzito wake, kilo 130, kwa sababu anapitiliza pale ambapo angetulia, kisha anarudi. Hilo ni kwa kupewa uzito ghafla tu.

Mwache sasa aanguke mita mbili kwanza. Anafika mwisho wa ulegevu akiwa na kasi ya zaidi ya mita 6 kwa sekunde. Kamba lazima iimalize kasi hiyo ndani ya urefu itakaorefuka. Tuseme ingeweza kurefuka sentimita 40, na huo ni ukarimu. Mita mbili gawanya kwa 0.4 ni tano, ongeza moja ni sita. Sita mara 65 ni kilo 390. Huo ni wastani wa njia nzima. Kamba haishiki kwa nguvu moja, inaanza na sifuri na kupanda, kwa hiyo kileleni ni karibu mara mbili ya wastani: kilo 780.

Fundo lilikuwa na kilo 560.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Kwa kamba ileile, fundo lilelile, na kijana yuleyule, lau angeuondoa ulegevu, kamba ingeona kilo 130 na angebaki anabembea pale mpaka apelekewe ngazi. Sisi tulikuwa tunamlaani muuza duka.

---

ChumaNaMoto

Dada hongera, hesabu safi. Mimi nasoma uhandisi Dar ila kwetu ni Kengeja. Nataka kuongeza la historia, na naomba kusahihishwa nikikosea.

Aliyeanza kulichunguza hili kwa makini ni Mwingereza John Hopkinson mwaka 1872. Alining'iniza waya wa chuma, akaudondoshea uzito uliotobolewa katikati uteleze juu ya waya mpaka ugonge kizuizi cha chini. Alitarajia uzito mkubwa uukate kwa urahisi zaidi. Akakuta kinachoamua zaidi ni urefu wa kudondoka, yaani kasi, kuliko ukubwa wa uzito. Na mara nyingine waya ulikatikia JUU, kule ulikofungwa, mbali na pigo! Sababu ni kwamba pigo linasafiri ndani ya waya kama wimbi. Kwenye chuma linakwenda kiasi cha mita 5,000 kwa sekunde. Likifika pale waya ulipofungwa linarudi, na linalorudi linajumlika na linalokuja, mkazo pale unakuwa maradufu.

Mwanawe Bertram aliendeleza. Akaonyesha kwamba waya unaweza kuhimili kwa kitambo kifupi sana mkazo ambao ukivutwa pole pole ungeshalegea. Mwaka 1914 akatoa njia ya kupima pigo la baruti na risasi kwa fimbo ndefu ya chuma. Mwaka 1949 mwanafizikia Herbert Kolsky akaikata fimbo hiyo ziwe mbili na kuweka kipande cha kupimwa katikati. Siku hizi fimbo fupi ya tatu inafyatuliwa kwa hewa iliyobanwa, inagonga fimbo ya kwanza, wimbi linapita mpaka kwenye kipande. Sehemu yake inarudi, sehemu inapita kwenda fimbo ya pili. Vipimo vidogo vilivyogundishwa juu ya fimbo vinasoma yote mawili. Lililorudi linakwambia kipande kilibonyea kwa kasi gani, lililopita linakwambia kilihimili nguvu gani.

Kwa hiyo kamba ya kijana kukatikia fundo la juu ni jambo lilelile la Hopkinson, si ndiyo?

---

BintiMtambwe

Mdogo wangu, historia yako imenifurahisha na ni sahihi. Ila hapo mwisho sikubaliani nawe, na nikuoneshe kwa nini, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Wimbi lina maana kubwa pale pigo linapokuwa fupi kuliko muda wa wimbi kuvuka kitu chenyewe. Kamba si chuma, wimbi ndani yake ni la pole zaidi. Tuchukue mita 1,000 kwa sekunde. Kamba ya mita mbili linaivuka kwa milisekunde mbili. Kijana anayeshuka kwa mita 6 kwa sekunde na kusimamishwa ndani ya sentimita 40 anachukua zaidi ya milisekunde mia moja. Wimbi limekwenda na kurudi mara nyingi, nguvu imeshasawazika kutoka juu hadi chini. Kamba ilikatikia juu kwa sababu juu ndiko kulikokuwa na fundo baya, limekaa kwenye gome. La kiunoni lilikuwa limezungushwa mara tatu.

Waya wa Hopkinson ulikuwa wa chuma na uligongwa na chuma, mambo yalikwisha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ndiyo maana mtu anayepima anajiuliza kwanza "hili linatokea kwa kasi gani?" kabla hajauliza "lina nguvu gani?"

Tofauti ya kasi hizo ni kubwa mno. Mashine yangu ikivuta kwa mwendo wake wa kawaida, kipande kurefuka robo ya urefu wake kinachukua kama dakika nne. Kwenye fimbo za Kolsky, robo hiyohiyo inapita kwa robo ya milisekunde. Hiyo ni mara milioni moja kwa haraka. Usitarajie kitu kiwe na tabia ileile.

Mfano tunao tangu utotoni. Mnakumbuka gubiti, zile peremende za skuli? Ukiivuta pole pole inarefuka kama uzi, mnagawana wawili. Ukiigonga ghafla kwenye ukingo wa dawati inapasuka vipande vyenye makali kama kioo. Ni gubiti ileile, ya siku ileile, na kilichobadilika ni haraka ya mkono. Plastiki nyingi zina tabia hiyo, na kamba ya bluu ni plastiki. Ikivutwa kwa ghafla inakuwa ngumu zaidi na kurefuka kwake kunapungua, yaani zile sentimita 40 nilizompa kwa ukarimu huenda hazikufika.

Na zege nayo ina lake, nalisema kwa sababu naliona kila wiki. Kyubu ya milimita 150 tunaibana kwa mwendo maalumu, kama kilonyutoni 13.5 kila sekunde (kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo 100). Fundi akiharakisha mashine ili awahi chakula cha mchana, kyubu ileile inasoma namba kubwa zaidi. Zege ikipigwa kwa kasi ya fimbo za Kolsky inaweza kuonekana na nguvu hata maradufu. Nimewahi kuambiwa na msimamizi wa mradi, kwa upole kabisa, "ongeza mwendo kidogo dada, foleni ni ndefu." Nikakataa. Namba inayopatikana kwa haraka si ya nyumba itakayosimama miaka hamsini ikibeba uzito wake kimya kimya.

---

KondeYetu

Sasa dada, sisi wenye mashamba tufanye nini? Hizo fimbo za hewa hatuna.

---

MuuguziChake

Naomba niingie hapo kabla hamjaendelea na kamba. Nimewapokea wanaoanguka mikarafuu kwa misimu mingi. Jamani, hata kamba ikishika, kiuno nacho kina mpaka wake. Kamba nyembamba iliyofungwa kiunoni peke yake inamkaba mtu tumboni, inambana mbavu za chini, na akibaki ananing'inia hapo pumzi inamwishia upesi. Kamba ipite mapajani pia, au mkanda mpana wa mwili mzima. Msimalize mjadala bila hili.

---

BintiMtambwe

Ahsante sana dada muuguzi, na umenipeleka kwenye jibu la ndugu wa Konde.

Wapanda milima walishalifanyia kazi hili kabla yetu. Kamba zao hazipimwi kwa kuvutwa tu. Wanachukua chuma cha kilo 80, wanakiangusha umbali wa karibu mara 1.77 ya urefu wa kamba iliyotumika, kamba ikiwa imepita juu ya ukingo wa chuma wa mviringo. Lazima ihimili angalau maanguko matano. Na lazima katika anguko la kwanza nguvu inayomfikia mtu isizidi kilonyutoni 12, sawa na uzito wa kilo 1,200 hivi. Angalieni kipimo hicho cha pili: kamba inaweza kufelishwa kwa kuwa NGUMU MNO. Kwa wafanyakazi wa ujenzi Ulaya wameshusha zaidi. Kifyonza mshtuo, ule ukanda ulioshonwa unaochanika mshono mmoja mmoja mtu akianguka, hakiruhusiwi kupitisha zaidi ya kilonyutoni 6, na hapo mtu kavaa mkanda wa mwili mzima.

Kumbe kushona kunakoachia kidogo kidogo! Mzee Nahodha atacheka akisikia.

Kwa hiyo la kwanza ni ulegevu, na halina gharama hata senti. Kamba ifungwe juu ya kichwa, si usawa wa kiuno wala chini ya miguu, na kila akihama afupishe. La pili ni aina ya kamba. Nailoni inarefuka vizuri kuliko ya bluu, ingawa ikirowa inapoteza kidogo nguvu yake. Makumbi namheshimu Mzee, lakini nguvu zake hazitoshi kumshika mtu, yabaki kwenye vyombo. La tatu ni fundo. Mmeona lilichokula: kilo 380 kati ya 940.

Na tawi la kufungia liwe shina lenyewe. Mkarafuu usiuamini tawi.

Wiki ijayo nakwenda Pemba. Nitawaletea kitu.

---

NahodhaNungwi

Ukanda unaochanika mshono mmoja mmoja. Subhanallah. Sicheki, mwanangu, nimeguswa.

---

ChumaNaMoto

Dada, nimeirudia hesabu ya milisekunde. Uko sahihi, nilikimbilia wimbi kwa sababu ndilo nililolisoma karibuni. Swali moja: umesema kileleni ni "karibu mara mbili ya wastani". Hiyo ni kama kamba ni springi kamili, na kamba si springi kamili?

---

BintiMtambwe

Swali zuri. Si kamili. Mwanzoni ni laini, nyuzi zinajipanga na fundo linajikaza, baadaye inakuwa ngumu. Kwa hiyo kilele kinaweza hata kupita mara mbili. Upande wa pili, fundo likijikaza na mwili wenyewe ukikunjika vinakula kidogo. Nimechukua mara mbili kama mahali pa kuanzia. Ndiyo maana kuangusha kitu halisi kuna thamani kuliko karatasi yangu.

---

BintiMtambwe

Nimerudi. Boti ilikuwa na mawimbi, nisameheni kuchelewa.

Jumamosi tulikwenda uwanjani kwa ami. Tukajaza gunia mchanga mpaka kilo 65 kwenye mizani ya karafuu, tukalitia ndani ya gunia la pili lisichanike. Tukalipandisha kwenye mwembe wa nyumbani, tawi nene kama mwili wa mtu, watoto wote nimewapeleka mbali nyuma ya kuta. Ami kasimama pembeni, mkono mgongoni.

La kwanza: kamba ya bluu mpya, ulegevu mita mbili, fundo lilelile. Tukaachia. Sauti ilikuwa ileile ya "ta!", kijana aliyelala ndani na paja lake lenye plasta kaisikia, akaita kuuliza kuna nini. Gunia chini. Kamba imekatikia fundoni. Nilipoishika ncha, nyuzi kadhaa zilikuwa zimegandana, ngumu, kama zimepitishwa motoni. Hilo la nyuzi kugandana huwezi kuliona kwenye mashine yangu, joto la kamba lina muda wa kutoka. Hapa halikuwa na muda.

La pili: kipande kingine cha kamba hiyohiyo, fundo hilohilo, bila ulegevu, gunia limeegemezwa kwenye ubao na ubao ukavutwa ghafla. Gunia likashuka kiasi cha kiganja, likarudi, likabembea. Kamba nzima.

La tatu: nailoni ya milimita 12, ulegevu mita mbili. Ilishika. Gunia lilikwenda chini kuliko nilivyotarajia na kurudi juu. Baada ya hapo fundo halikufunguka kwa mkono wala kwa msumari, tukalikata. Kamba ile sitamruhusu mtu kupanda nayo tena, imeshafanya kazi yake mara moja.

Ami hakusema kitu mpaka gunia la pili lilipotulia. Akenda, akalishika, akalisukuma kidogo libembee tena. Akaniuliza, "Kwa hiyo angeifunga juu tu?" Nikamjibu, ndiyo ami, juu na fupi. Akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akaenda kwenye mkarafuu ulioko karibu na nyumba, akaniita, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake mpaka mwisho na kugusa shina. "Hapa?" Nikamwambia hapo.

Jioni kawaita wachumaji wake saba uani, kawaonyesha mwenyewe kwa mikono yake. Mimi nilisimama tu na ule ubao. Nailoni kanunua mpya siku ya pili. Ya bluu iliyobaki kaikata vipande, anafungia mbuzi.

---

KondeYetu

Dada, naomba kipimo cha nailoni hiyo na jinsi ulivyofunga mapajani. Kesho nakwenda Wete mjini.

---

BintiMtambwe

Milimita 12, ya kusuka si ya kusokota. Ya mapajani nimemuomba dada muuguzi aje Jumapili na kipande chake, tutapiga picha hatua kwa hatua na kuziweka hapahapa.